Kijiti cha TV Kikikataa Kuwaka: Anza na Stima Kabla ya Kununua Kingine

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vikao vya wakazi kuhusu matumizi ya vifaa vya kidijitali nyumbani na katika biashara ndogo.

 

Mada ya leo inahusu kifaa kinachoenea kiganjani. Ni kile kijiti kinachochomekwa nyuma ya televisheni ili itazamwe filamu, mpira, mahubiri au masomo kupitia intaneti. Wengi hukiita TV stick, na wengine huita kila kijiti Fire Stick hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, nyumba nyingi zilinunua ving'amuzi. Wi-Fi ilipofika mitaani na bando za simu zikazoeleka, kijiti nacho kikaingia. Kinaipa televisheni ya kawaida uwezo wa televisheni ya kisasa, mradi iwe na tundu la HDMI.

Basi siku moja kifaa hicho kinakataa kuwaka. Skrini ni nyeusi, au nembo ya kampuni inatokea, inapotea, inatokea tena. Watoto wanalalamika. Mwenye kinyozi anaona wateja wakihamia jirani kwenye mpira. Mtu wa kwanza kuulizwa anasema, "Hicho kimeungua, nunua kingine." Shilingi elfu kadhaa zinatoka mfukoni, na cha zamani kinatupwa kikiwa bado na akaunti ya mwenyewe ndani yake. Mara nyingi kijiti hicho hakikuwa kimeungua. Kilikosa stima ya kutosha tu.

Hilo ndilo jambo kuu la mazungumzo haya. Kijiti kikigoma, mwenyewe aanze na kilicho rahisi na kisichogharimu kitu, na kile kisichoweza kurudishwa akiache hadi mwisho. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwanza, dalili

Kusema "kimekataa kuwaka" hakutoshi, kwa sababu kugoma kuna sura tatu.

Sura ya kwanza ni kijiti kisichoonyesha uhai wowote: hakipati joto hata kidogo, taa yake haiwaki kama kina taa, na televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi. Sura ya pili ni kijiti kinachoanza kuwaka kisha kinarudi nyuma. Nembo inatokea, skrini inazima, nembo inatokea tena, au nembo inaganda na haisogei. Sura ya tatu ni kijiti kizima kabisa kinachodhaniwa kimekufa, kumbe televisheni imewekwa kwenye tundu jingine, au rimoti ndiyo imeishiwa na betri.

Mwenye kifaa aitazame skrini kwa dakika tano bila kugusa chochote, kisha ajiulize ni ipi kati ya hizo tatu. Jibu hilo litamwongoza, na likibidi aende kwa fundi, litamsaidia fundi pia.

Stima ndiyo chakula cha kijiti

Wako wanaoamini kwamba kijiti hupata nguvu kutoka kwenye tundu la HDMI kilipochomekwa. Sivyo. HDMI hupitisha picha na sauti. Nguvu ya kukiwasha kijiti hutoka kwenye waya wake wa pembeni, ule unaofanana na waya wa kuchajia simu. Waya huo ukilegea au ukikatika ndani, kijiti hakiwaki hata kama kimekaa vizuri kwenye HDMI.

Kosa linalojirudia katika nyumba nyingi ni hili: chaja iliyokuja na kijiti inapotea au inahamishiwa simu, halafu waya unachomekwa kwenye tundu la USB lililo nyuma ya televisheni. Inaonekana ni akili, kwa kuwa soketi moja ya ukutani imeokolewa. Lakini hesabu haikubali. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Chaja ya Fire TV Stick ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Chromecast with Google TV ya 4K huhitaji zaidi, ampea 1.5, yaani wati 7.5. Anayekitegemeza kijiti kwenye tundu kama hilo anakipa nusu ya chakula chake, au chini ya hapo.

Ndiyo maana kijiti chenye njaa huonyesha nembo kisha kinazima. Kinapoanza, kazi huwa nyepesi. Kichakata na Wi-Fi vikiamka pamoja, mahitaji ya nguvu hupanda ghafla, volti inashuka, na kijiti kinaanza upya. Kinaweza kuzunguka hivyo usiku kucha, na mwenyewe akadhani programu zimeharibika.

Tundu la USB la televisheni lina hasara nyingine. Kwenye televisheni nyingi, nguvu ya tundu hilo hukatika televisheni inapozimwa. Vijiti hivi hupenda kupokea masasisho ya programu wakati havitumiki, kwa mfano usiku. Sasisho likikatizwa katikati, linaweza kuacha programu nusu nusu, na asubuhi kifaa hakiwaki sawasawa.

Kwa hiyo hatua za stima ziwe hivi. Waya utolewe kwenye televisheni na uchomekwe kwenye chaja ya ukutani. Kabla ya kutumia chaja yoyote, yasomwe maandishi madogo yaliyo juu yake, mahali palipoandikwa Output. Panapaswa kuwa na volti 5, na ampea zisiwe chini ya 1, au kiasi kilichotajwa kwenye chaja ya asili ya kijiti hicho. Ampea zikizidi hakuna neno, kwa kuwa kijiti huvuta kile kinachohitaji tu.

Kisha ibadilishwe kebo. Kebo nyembamba, ndefu au iliyokunjwakunjwa hupoteza nguvu njiani, na mara nyingi haionyeshi kasoro kwa macho. Kebo nzuri ya simu inaweza kuazimwa kwa majaribio, mradi ncha yake inalingana. Vijiti vingi vya zamani hutumia ile ndogo ya micro-USB, na vipya vingi hutumia USB-C, isiyo na juu wala chini.

Tatu, soketi yenyewe ijaribiwe kwa kuchaji simu hapo hapo. Ekstensheni iliyobebeshwa friji, pasi na redio si mahali pa kufanyia majaribio. Vijiti vilivyoletwa na jamaa kutoka Marekani huja na chaja ya miguu miwili bapa, na adapta ya bei rahisi inayoiunganisha na soketi zetu huweza kulegea. Chaja yenyewe kwa kawaida haina shida na volti 240 za Kenya ikiwa imeandikwa 100-240V. Ikiwa haina maandishi hayo, isichomekwe.

Mwisho, kijiti kichomolewe kabisa ukutani kwa dakika moja, kisha kirudishwe. Kukizima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu rimoti hukilaza tu.

Stima inapopotea na kurudi

Wakazi wanakumbuka Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Usiku wa namna hiyo unafunza jambo moja. Stima inaporudi, mara nyingine huja kwa kishindo, ikapanda na kushuka kabla ya kutulia. Vifaa vidogo vya elektroniki huumia hapo. Stima ikipotea, kijiti na televisheni vichomolewe, na visirudishwe hadi itulie kwa dakika chache. Kifaa cha kulinda umeme, kile ambacho maduka hukiita TV guard, hufanya kazi hiyo chenyewe kwa kuchelewesha nguvu.

Ikiwa kijiti kilikufa usiku ule ule stima iliporudi, chaja ndiyo ishukiwe kwanza. Yenyewe ndiyo iliyopokea pigo la ukutani, na mara nyingine hufa ikikinga kijiti. Chaja ni ya shilingi mia kadhaa, kijiti ni cha maelfu. Ijaribiwe chaja nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Televisheni nayo ichunguzwe

Ikiwa stima ni nzuri na skrini bado ni nyeusi, macho yahamie kwenye televisheni. Televisheni nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI, yaliyoandikwa namba. Kwenye rimoti ya televisheni kuna kitufe cha Source au Input. Namba iliyochaguliwa ilingane na tundu lililo na kijiti. Mtoto akibonyeza kitufe hicho akicheza, nyumba nzima inaweza kulala ikiamini kijiti kimekufa.

Kijiti kitolewe na kihamishiwe tundu jingine. Vumbi lipulizwe, bila kuingiza sindano wala maji. Kama kuna televisheni ya pili, ya jirani au ya ofisini, kijiti kipelekwe huko pamoja na chaja yake. Kikiwaka kule, kijiti ni kizima na tatizo ni la televisheni. Kikigoma kule pia, tatizo linafuatana na kijiti au chaja. Jaribio hilo halina gharama, na lina thamani kuliko makisio kumi.

Vijiti vingi huja na kipande kifupi cha kuunganishia HDMI, ambacho watu hukiacha kwenye boksi wakidhani ni ziada. Kazi yake ni kukitenga kijiti na mgongo wa televisheni. Kinasaidia kisibanwe ukutani, kipumue, na kishike Wi-Fi vizuri zaidi. Katika maeneo ya joto, na katika nyumba za mabati mchana, kijiti kilichobanwa nyuma ya televisheni kinaweza kupata joto hadi kikazima. Kikiwa cha moto kushika, kiachwe kipoe kwa nusu saa kabla ya kujaribiwa tena.

Mara chache kijiti kinawaka, ila kinatoa picha ya ukubwa ambao televisheni ya zamani haiwezi kuonyesha. Kwenye Fire TV, mtu hushikilia kitufe cha juu pamoja na kile cha kurudisha nyuma kwa sekunde 10, na kijiti huanza kujaribu saizi moja baada ya nyingine hadi picha ionekane.

Nembo ikiganda

Ikiwa nembo imetulia bila kuzimazima, subira inahitajika. Huenda kijiti kinamalizia sasisho. Kiachwe nusu saa kikiwa kwenye chaja ya ukutani. Kuchomoa kila baada ya dakika mbili ndiko kunakoharibu kile kilichokuwa kinajitengeneza. Haraka haraka haina baraka.

Nusu saa ikipita bila mabadiliko, kijiti kichomolewe kwa dakika moja na kuwashwa tena. Kwenye Fire TV inayoitikia rimoti, kushikilia kitufe cha katikati pamoja na kile cha kucheza na kusimamisha kwa sekunde kama 5 hukiwasha upya bila kufuta chochote. Vitu vyote vilivyoongezwa, kama kipanuzi cha USB au waya wa intaneti, vitolewe, kijiti kiwake peke yake.

Rimoti isisahaulike

Kuna mbinu inayojulikana sana mitaani: kuelekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kutazama kama taa yake inamulika. Mbinu hiyo inafaa kwa rimoti za kawaida za televisheni. Rimoti ya Fire TV huwasiliana na kijiti kwa Bluetooth, kwa hiyo kamera isipoonyesha mwanga, hilo si ushahidi kwamba rimoti imekufa. Zibadilishwe betri zote mbili kwa pamoja, bila kuchanganya kuukuu na mpya. Kisha kitufe chenye alama ya nyumba kishikiliwe kwa sekunde 10 kijiti kikiwa kimewaka, ili vitambuane upya.

Kufuta kila kitu ni hatua ya mwisho

Vijana wengi hukimbilia kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Hatua hiyo ipo kwa sababu, lakini inafuta akaunti, programu na mipangilio, na haina kurudi. Asiyekumbuka nenosiri lake atakuwa ameongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Tena haisaidii kitu ikiwa tatizo ni chaja.

Mfano upo. Machi 9, 2025, vijiti vya Chromecast vya kizazi cha pili viligoma kupokea picha kutoka kwenye simu katika sehemu nyingi za dunia. Vilikuwa vinawaka, ila simu ziliambiwa kifaa hakiaminiki. Sababu haikuwa ndani ya nyumba za watu: cheti cha kidijitali kilichowekwa wakati wa kuvitengeneza kilikuwa kimefikia mwisho wa muda wake. Google iliwaomba wenye vifaa wasivirudishe katika hali ya kiwandani. Waliosubiri walipata marekebisho siku chache baadaye kupitia intaneti. Waliokuwa wamefuta kila kitu walipata taabu zaidi kuvirejesha.

Somo ni kwamba kabla ya kufuta, mtu aulizie kwanza kama na wengine wenye kijiti cha aina hiyo wamepatwa. Kama jibu ni ndiyo, asubiri.

Tahadhari kuhusu vya bei ya kutupwa

Wapo watakaojitolea kukifufua kijiti kwa kukiwekea programu nyingine, au kuuza kingine kisicho na jina, kinachodaiwa kufungua chaneli zote bila malipo. Hapo pana hatari. Juni 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, uliokuwa umeingia katika mamilioni ya vifaa vya nyumbani vinavyotumia intaneti, vikiwemo vya kutazamia televisheni. Vingine vilitoka kiwandani vikiwa tayari na programu hiyo mbovu, na vingine viliambukizwa mwenyewe alipopakua programu wakati wa kukitayarisha kifaa. Kifaa kama hicho huendelea kuonyesha filamu, huku intaneti ya mwenyewe ikitumiwa na watu asiowajua kufanyia uhalifu.

Dalili za kujihadhari nazo ni jina la kampuni lisilojulikana, madai kwamba kimefunguliwa kila kitu, na maagizo ya kuzima ulinzi wa Google Play. Simu inayotumika kulipa kwa M-Pesa huenda ipo kwenye Wi-Fi ile ile. Bei rahisi isimfanye mtu afungulie wezi mlango.

Haki ya mnunuzi, na mwisho wa kijiti

Ikiwa hatua zote zimefuatwa na kijiti hakina uhai hata kwa chaja nyingine, kebo nyingine na televisheni nyingine, basi kimeharibika kweli. Hapo mwenyewe atafute risiti na kadi ya waranti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti jukumu la masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Aliyeuziwa kijiti kilichokufa ndani ya muda wa waranti, na muuzaji akakataa kumsikiliza, asinyamaze. Apeleke malalamiko yake katika idara ya biashara ya kaunti, akiwa na risiti mkononi. Ndiyo maana risiti isitupwe pamoja na boksi.

Kabla ya kukitupa, kukiuza au kumpa mtu kijiti, mwenyewe aingie kwenye akaunti yake kwa simu au kompyuta na akiondoe katika orodha ya vifaa vyake. Hilo linawezekana hata kama kijiti hakiwaki. Ni muhimu hasa pale akaunti ilipounganishwa na kadi ya benki.

Tena kijiti kisichomwe pamoja na taka za jikoni, wala chaja isichomwe ili kutoa shaba. Moshi wa plastiki na madini yake ni sumu, na huwafikia watoto wa jirani kwanza. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wajibu hadi bidhaa zao zinapokuwa taka. Ukusanyaji wa taka ni kazi ya kaunti, lakini kutenganisha taka za elektroniki kunaanzia nyumbani. Kijiti, chaja na betri viwekwe kando na vipelekwe kwa wanaokusanya taka za aina hiyo.

Kwa muhtasari, mpangilio ni huu: kutazama dalili, chaja ya ukutani, kebo, soketi, namba ya HDMI, televisheni ya pili, subira ya nusu saa, betri za rimoti, na kufuta kila kitu baada ya yote hayo. Fundi na duka vinakuja baadaye. Mkazi akifuata mpangilio huo, huenda akakuta kwamba kilichokuwa kimekufa ni kebo ya shilingi mia mbili.

Aliye na swali anakaribishwa, na aliyekuja na kijiti chake alete pia chaja yake, ili vijaribiwe pamoja.